Vigingi Vilivyochipua

Harufu ya utoto wangu ni ya nyasi za barabarani zilizokatwa alfajiri, umande ukiwa bado juu yake, ikichanganyika na vumbi jekundu na jasho la baba. Baba yangu aliitwa Minani, na kazi yake ilikuwa kantonye, yaani mtu wa kutunza barabara. Barabara yenyewe ilikuwa ile kubwa inayotoka Uvira ziwani, ikapita bonde la Ruzizi, ikafika Sange na Bwegera, ikaendelea kupanda kwenda Bukavu. Tangu wakati wa Wabelgiji kila nyumba ilikuwa imepewa kipande chake: kutoka jiwe hili mpaka mtaro ule ni kwa fulani, kutoka mtaro mpaka kichuguu ni kwa fulani mwingine. Wenye kipande walifyeka nyasi, walizibua mitaro, walijaza mashimo kwa changarawe, na baba alipita na panga lake refu akikagua. Uhuru ulipokuja kuna waliosema basi, sasa barabara ijilime yenyewe. Kwetu haikuwa hivyo. Mtu ambaye nyasi za kipande chake zilifika magotini, wanawake walimcheka kisimani mpaka mkewe akaona haya kwenda kuchota. Barabara ilikuwa ya serikali, lakini kipande kilikuwa chako, kama vile uso ulivyo wako.

Sisi wenyewe hatukukaa barabarani. Kitongoji chetu kiliitwa Kwa Misago, jina la babu yangu, na kilikuwa juu, chini ya milima, upande wa kwenda Lubarika. Kutoka Bwegera ulipita katikati ya mpunga, ukaingia kwenye mihogo, kisha kwenye migomba, ndipo ukaona mapaa yetu. Baba alishuka kila asubuhi na kurudi jua likiwa kichwani. Lori la Mzee Salumu, mfanyabiashara Mwislamu wa Uvira, lilipanda Jumanne na magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, na kushuka Alhamisi na mpunga wetu. Tulisikia honi yake kwa mbali, na mama akasema, "Haya, leo ni Salumu," kwa hiyo tukajua juma limefika wapi. Mama hakuwa na kalenda nyingine.

Nilikuwa na miaka minane au tisa mvua zilipokuja kubwa na barabara ikaanza kuzama. Maji ya mashamba ya mpunga yaliila kwa chini, kimyakimya. Juu ulikuta pazuri, ukikanyaga mguu unaingia mpaka kwenye ugoko. Lori la Salumu lililala upande mara mbili katika kipande cha baba, na baba hakula siku hiyo. Ndipo akaja mpimaji kutoka mjini, kijana mwenye kofia ya kitambaa, anaitwa Musyo, yaani Bwana, Anaklé. Alikuja na chombo cha miguu mitatu na mti mrefu uliopakwa nyekundu na nyeupe. Alichungulia siku tatu, akaandika, akamwambia baba mbele ya watu wote: barabara itahama. Itaacha maji, itapanda juu kwenye udongo mgumu, itapita chini ya milima. Akanyoosha mkono kuonyesha mstari, na mkono wake ukaelekea Kwa Misago, moja kwa moja katikati ya nyumba yetu na jiko la Nyokuru, mama yake baba.

Watu walifurahi, sitadanganya. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Ciza, jirani yetu, mtu wa maneno mengi aliyesuka vikapu vya mpunga na ambaye alikuwa ameoa mwaka ule binti aitwaye Nahimana. "Papa Minani," alisema, "watu wengine wanafuatwa na mbwa mpaka nyumbani. Weye unafuatwa na barabara!" Wote wakacheka. Nyokuru peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa anachambua maharagwe, akasema bila kuinua macho, "Iacheni huko chini iliko. Mukiileta hapa mlangoni, mutamuona pia anayekuja nayo." Ciza akamwambia, "Nyokuru, atakuja Salumu na ndagala!" Nyokuru akajibu, "Salumu ni mumoja. Barabara ni pana."

Sasa niwaeleze kosa lilivyofanyika, maana halikufanywa na mtu mbaya. Mpimaji alikuwa na vigingi vya mbao vilivyopasuliwa kwa msumeno, vimetoka Uvira, lakini viliishia karibu na Bwegera kabla mstari haujafika kwetu. Akamwambia baba, "Nikatie vingine, vinene kama mkono, virefu mpaka kiunoni, vya mti usioliwa na mchwa." Mpimaji hakuwa mtu wa bonde. Na baba alikuwa mtu wa bonde kupita kiasi. Kwetu mtu akitaka mti wa kusimama ardhini usioliwa na mchwa hafikirii mara mbili: anakata umuvumu. Ndio tunaojengea ua, ndio unaosimama penye lango la kila mwanamume mwenye nyumba. Hauliwi na mchwa kwa sababu haufi. Uukate, uuchomeke ardhini, baada ya mvua mbili una majani. Baba alijua hilo kama alivyojua jina lake, lakini mpimaji alisema kigingi, na kichwa cha baba kilisikia kigingi. Akakata arobaini na vitatu.

Nilivibeba mimi, vinne vinne, juu ya kata ya majani ya mgomba. Maziwa meupe ya mti yalinidondokea mabegani na kukauka kama gundi. Musyo Anaklé alichungulia, akapiga kelele "Kushoto! Kushoto kidogo!", baba akapigilia, ko, ko, ko, na mimi nikamwambia mpimaji shamba lile ni la nani, yeye akaandika. Siku ya pili kitabu chake kililowa mvua, maandishi yakageuka maji ya bluu. Akakaa chini akashika kichwa. Mimi nikasimama mbele yake, mikono nyuma kama tulivyofundishwa katekisimu, nikamwambia yote: cha kwanza kwa Mama Nyabenda, cha pili kwa Ndabirori, cha tatu kwa Ndabirori tena, cha nne kwenye mfereji wa Barengayabo, cha tano kwa Mzee Bigirimana mwenye jicho moja, na kuendelea mpaka cha mwisho. Sikujikwaa. Nilikuwa nimesoma mwaka mmoja tu, nikatolewa kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga, lakini majina yaliniingia na hayakutoka. Mpimaji alinitazama kama mtu aliyeokota saa njiani. Akanipa biskuti ya sukari, akaniita daftari yake. "Daftari yangu, rudia!" Nami nikarudia, na baba akasimama pale na nyundo, anatabasamu mpaka masikioni. Sikuwahi kumwona baba akijivunia kitu hivyo, hata kipande chake cha barabara.

Mpimaji akarudi mjini, akasema mashine zitakuja kiangazi. Hazikuja. Yeye pia hakurudi tena. Badala yake, baada ya wiki chache, vigingi vikaanza kuvimba kwenye vichwa kama vidole vyenye jipu, kisha vikatoa majani. Watu walikuja kuangalia. Ukisimama kwetu ukatazama chini uliona mstari wa vijiti vya kijani ulionyooka kama uzi, ukikata mihogo na mpunga, bila kujali mpaka wa mtu. Bonde letu halikuwa na kitu kilichonyooka hivyo. Njia zetu zilizunguka mti, zilizunguka kaburi, zilizunguka nyumba ya mtu mgomvi. "Minani amepanda barabara," walisema, "tutaivuna mwezi gani?" Watoto wakaimba hivyo wakimfuata. Baba alicheka nao siku za kwanza, kisha akaacha kucheka, kwa sababu wazee walianza kunong'ona. Kwetu umuvumu uliopandwa kwa mstari ni ua, na ua una mwenyewe. Nyokuru akasema alichokifikiri kila mtu: "Ua wa upande mumoja. Nani amefungiwa ndani, nani ameachwa inje?" Hata mama, ambaye hakupenda maneno ya Nyokuru, alianza kuwazungusha mbuzi mbali asiwavukishe mstari ule jioni.

Kisha Jumanne moja hatukusikia honi. Mama akasema Salumu ameharibikiwa. Alhamisi hatukusikia. Juma lililofuata vilevile, na chumvi ikapungua chunguni, na mama akaanza kuuliza watu, "Leo ni siku gani?" Waliopanda kutoka Uvira walikuja kwa miguu, wake kwa waume, na godoro kichwani. Walisema vijana wenye majani kichwani na ngozi kiunoni wameteka mji, wana dawa, risasi kwao ni maji. Walisema jeshi la serikali litashuka kutoka Bukavu. Wengine walisema hayo kwa furaha, wengine kwa woga, na wengi walibadilisha sauti kulingana na aliyewauliza.

Waasi walifika kwetu mchana, wakiimba. Jambo la kwanza walilotaka ni barabara. Walikusanya makantonye wote na wenye vipande, wakawaamuru wachimbe mahandaki kuikata, ili malori ya jeshi yasipite. Baba alichimba katika kipande chake mwenyewe. Mama na mimi tulipompelekea mihogo tulimkuta ndani ya shimo mpaka mabegani, analainisha kingo kwa beleshi, anazinyoosha vizuri. Mama akamwambia, "Minani, ni shimo la kuangusha watu, unalipamba la nini?" Baba akajitazama mikono kana kwamba si yake. "Sijui kuchimba vingine," akasema.

Ilikuwa kiangazi sasa. Mpunga umevunwa, nyasi zimekuwa rangi ya simba, bonde lote la manjano mpaka ziwani. Katika manjano yale kulikuwa na kitu kimoja tu cha kijani, nacho kilikuwa mstari wa baba. Asubuhi moja ilikuja kandege, ndege ndogo ya vita, ikitokea upande wa ziwa. Ilipita juu ya Bwegera, ikainama bawa, kisha ikaja juu ya mstari ule ule, chini sana, kigingi kwa kigingi, mpaka juu ya nyumba yetu, ikageukia milimani. Kuku walijitupa ndani ya chungu. Haikuangusha kitu siku ile. Ilitazama tu, ikaondoka, na kimya kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko mngurumo.

Kabla ya saa sita mkubwa wa waasi alikuwa uani kwetu. Aliitwa Komanda Fabiano, kijana mwenye sauti nyembamba, aliyewahi kuwa msaidizi wa mwalimu, na nyuma yake alikuja karani wake na daftari la shule. Komanda hakupiga kelele. Alisimama kwenye kigingi kilichokuwa kati ya nyumba yetu na jiko, akapapasa majani yake.

"Nani alipanda hii?"

"Ni minye, Komanda," baba akasema. "Lakini sikupanda. Mupimaji alisema nikate piketi za kupimia barabara."

"Mupimaji wa serikali."

"Ndiyo, wa serikali. Wakati ule kulikuwa serikali moja tu."

Watu waliokusanyika walivuta pumzi. Komanda akatabasamu. "Kwa hiyo sisi tunakata barabara chini, na weye umeshapandia askari nyingine huku juu. Na ndege inakuja kuisoma."

"Komanda, ndege haitembei kwa barabara."

"Unajua kazi ya ndege, weye mukata nyasi?"

Komanda akampa siku nne. Vigingi vyote ving'olewe, viletwe hapa uani, vihesabiwe mbele yake. Kikibaki kimoja, akasema, nitajua ulikibakiza kwa ajili ya nani, na hutakata nyasi tena. Alisema hivyo polepole, kama mwalimu anayetoa kazi ya nyumbani.

Kung'oa umuvumu ulioshika si kama kung'oa muhogo. Mizizi ilikuwa imeshuka kwenye udongo mkavu, na baba alichimba kila kimoja kwa jembe kisha akakivuta kwa kamba. Nyokuru alimfuata mpaka cha tano akimsihi, maana kwetu kung'oa umuvumu hai ni kazi ya siku mwenye nyumba amekufa, si siku nyingine. Baba alimwambia, "Mama, niache niing'oe. Ukinizuia, utaing'oa weye baada yangu." Nyokuru akarudi nyumbani. Mimi nilikwenda na baba kumwonyesha, kwa sababu vingine vilikuwa vimefunikwa na magugu. Nilimtajia, akachimba. Siku ya nne asubuhi vilikuwa vimebaki vichache, na kimojawapo kilikuwa kwa Ciza.

Ciza alikuwa amekipenda kigingi chake. Kilikuwa kimemea kwenye kona ya uwanja wake mpya, mahali pazuri kabisa pa lango, naye alikimwagilia kiangazi chote, akasuka ua wa matete kutoka hapo kwenda pande zote mbili. Kilikuwa kirefu kuliko vyote, kimejificha nyuma ya migomba. Alipomwona baba na jembe aliweka kikapu chini. Safari hii hakuwa na mzaha. "Minani, kaka yangu. Nahimana iko na mimba. Sina kitu kingine kwenye hii ardhi kinachosema ni kwangu. Hiki kiache." Baba akamwambia Komanda atahesabu. Ciza akasema, "Atahesabu utakavyoleta. Yeye alikuwepo vikipigiliwa? Anajua vilikuwa vingapi?" Baba alikizunguka kigingi mara moja. Nahimana alikuwa mlangoni, mkono juu ya tumbo. Mwisho baba akaweka jembe begani, akanishika mkono, tukapita. Njiani hakuniambia kitu. Nimefikiri juu ya hilo maisha yangu yote. Labda aliona mimi ni mtoto mdogo, nisibebeshwe. Labda aliona nimeelewa. Sikuelewa. Nilifikiri tutarudi.

Mchana Komanda akaja. Vigingi vilikuwa vimelundikwa uani, majani yake yamenyauka, maziwa meupe yakitoka kwenye majeraha. Karani akavihesabu akivisukuma kwa mguu. "Arobaini na viwili," akasema. "Ndivyo vyote?" Komanda akamwuliza baba. "Ndivyo vyote," baba akajibu. Ciza alikuwa amesimama kati ya watu, mikono kifuani. Komanda akatikisa kichwa kukubali, akageuka kwenda. Alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje ya ua wetu.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na lundo. Kila kigingi nilikijua kwa makovu yake, na midomo yangu ilikuwa inacheza yenyewe. Komanda akaona. Akarudi, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Weye katoto, unasali?"

"Hapana. Ninahesabu."

"Hesabu kwa sauti, na sisi tusikie."

Nikasimama. Nikaweka mikono nyuma. Baba akakohoa, na mimi nikadhani ni vumbi. Nikaanza: cha kwanza kwa Mama Nyabenda, cha pili kwa Ndabirori, cha tatu kwa Ndabirori tena. Baba akakohoa tena. Mama akaniita kutoka jikoni, "Nyandwi, njoo unisaidie hapa," na Komanda akainua kidole bila kumtazama, mama akanyamaza. Niliendelea. Nilipenda jinsi watu wazima walivyonyamaza wote kunisikiliza. Hilo nalo sitalificha. Nikafika cha thelathini na nane kwa Ciza, nikasema kwa Ciza, nikaenda mbele mpaka cha arobaini na tatu, kati ya nyumba yetu na jiko la Nyokuru. Nikangoja. Kwa kweli, mikono ikiwa nyuma, nilikuwa nangoja biskuti.

Karani alikuwa anaandika. Alipiga mstari chini ya hesabu, akamwonyesha Komanda. Hakuna aliyenipigia kelele. Walikwenda shamba kwa shamba, watu wote nyuma yao, mimi nikiwa nimeshikwa begani na mkono wa Komanda, mwepesi kama mkono wa mjomba. Mashimo yalikuwa pale kila nilipotaja. Mpaka kwa Ciza, ambapo hapakuwa na shimo, palikuwa na mti wa kijani penye lango.

Komanda akamgeukia baba. Baba akafungua mdomo. Nilimwona akifungua. Lakini Ciza alikuwa ameshatoka katikati ya watu, anacheka kicheko chake cha siku zote.

"Komanda, usimuulize huyo. Minani alikuja akang'oa. Alipoondoka nikakirudisha minye mwenyewe, nikakimwagia maji. Bila umuvumu penye lango mwanamume iko mugeni tu."

"Na kwa nini alisema vyote viko pale, vikiwa arobaini na viwili?"

"Minani?" Ciza akatema mate pembeni. "Alisoma wapi? Huyu ni mukata nyasi. Mutoto wake anajua hesabu kumupita. Si mumemusikia wenyewe?"

Watu wengine wakacheka, kwa woga. Komanda naye akacheka. Baba akainamisha kichwa, akafunga mdomo wake. Ndivyo ilivyokuwa. Alifunga mdomo wake, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia meno yakigongana.

Walimfunga Ciza mikono kwa kamba ile ile iliyotumika kung'olea vigingi. Walisema anakwenda kuchimba barabara ya mbele, huko kwenye kona za mlima, na akimaliza atarudi. Wanaume watatu waling'oa umuvumu wa lango lake na ua wa matete ukaanguka nao. Ciza akamwambia mkewe, "Nahimana, kile kikapu cha mwisho ni cha Mama Nyabenda, usimpe mutu mwingine." Akashuka nao njiani. Alikuwa bado anaongea alipopotea nyuma ya migomba. Tulisikia sauti yake, hatukusikia maneno.

Jeshi lilikuja baada ya hapo, nasi tukakimbilia milimani. Malori yao yalijaza mahandaki kwa mawe na milango ya nyumba za watu, yakapita barabara ile ile ya chini. Mstari wa juu hakuna aliyeuhitaji, si askari, si ndege. Nahimana alijifungua mtoto wa kiume juu kule, penye baridi, akamwita Havyarimana. Tuliporudi Ciza hakuwepo, na kati ya waliopelekwa kwenye kona za mlima hakuna aliyerudi kutuambia. Barabara ikarudi kuwa na makantonye, na baba akarudi kwenye kipande chake. Lakini sasa alifyeka viwili. Kipande cha Ciza, kutoka kalvati mpaka kichuguu, alikifyeka mpaka alipokufa, kabla ya kile chake, na hakuna mtu aliyemwomba wala aliyemshukuru. Mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza juu ya siku ile. Nahimana alizungumza mara moja tu, nikiwa binti wa kuolewa. Tulikuwa tunapepeta mpunga pamoja, upepo mzuri, akasema bila hasira, kama anayetaja bei ya chumvi, "Siku ile ungesahau hata kimoja tu." Kisha akaendelea kupepeta. Nilitaka anipige.

Mimi sasa ni nyokuru wa watu, na nimeona vita vingine vikipita bonde hili, vyenye majina mengine na nguo nyingine, vyote vikipita barabara ile ile. Havyarimana alivuka Ruzizi kwenda Burundi katika mojawapo ya vita hivyo, akafia huko, na watoto wake wako huko mpaka leo. Na juzi wapimaji wamekuja tena. Wanasema barabara ya chini imechoka, mto unaila, lazima ipande juu chini ya milima. Safari hii hawapigilii kitu. Wana chombo kidogo kinacholingana na kiganja, wanakitazama, wanatembea, wanaondoka. Mstari uko mahali fulani angani. Zamani angalau uliweza kuuona, ukajikwaa, ukautukana. Huu wa sasa umepita katikati ya nyumba yangu na sijui umepita wapi.

Nyuma yao alikuja binti mmoja mpole, Esperance, kuandika wenye mashamba, ili barabara ikija watu wapewe haki yao. Vijana wakamleta kwangu. "Nyokuru anajua wote, tangu zamani." Nikamwambia mimi ni mzee, nimesahau. Mjukuu wangu akaruka, "Nyokuru! Si jana tu ulitutajia mpaka mbuzi wa watu?" Nikasema nimesahau. Ndivyo ninavyowajibu wote wenye daftari tangu nilipokuwa msichana: watu wa sensa, watu wa misaada, askari wa kila rangi. Nimeonekana mjinga mbele ya watu wengi, na nimelala vizuri.

Esperance hakukasirika. Aliandika anachoweza kwa kuwauliza wengine, na mimi nikakaa nasikiliza. Katika kuorodhesha wakafika kwenye uwanja ule wenye magugu, nyuma ya migomba. Akauliza ni wa nani. Vijana wakatazamana. Mmoja akasema hakuna mwenyewe, panakaa hivyo tu tangu wao wazaliwe. Mwingine akasema hata yeye aliwahi kulima maharagwe pale. Binti akainamisha kichwa aandike, hauna mwenyewe. Nikaona kalamu yake inashuka.

"Ciza," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, wote wakageuka. Nikamwambia aandike: Ciza, mume wa Nahimana, baba wa Havyarimana, na wajukuu wake wako ng'ambo ya mto. Nikataja wajukuu wote watano kwa majina, na kijiji wanachokaa. Mikono yangu niliificha kwenye kitenge. Esperance akaandika, akanisomea, kila jina lilikuwa sawa. Akafurahi sana. Akasogeza kiti karibu nami, akageuza ukurasa.

"Asante sana, Nyokuru. Na shamba linalofuata?"

Nikamwambia linalofuata wenyewe wapo, aende akawabishie hodi.